Shajara ya mradi: trekta dogo na pawatila kwenye shamba la miti, Mufindi

Mei, mwishoni. Shamba na zana

Shamba lina mipaina upande wa juu na milingoti (mikaratusi) upande wa bondeni, kwenye vilima vya Mufindi, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Mipaina inapunguzwa: iliyopinda, yenye vichwa viwili na iliyobanwa na wenzake inatoka, mizuri inabaki kunenepa. Milingoti inakatwa yote na visiki vinaachwa vichipue upya. Magogo ya mpaina yanakatwa kwa futi 12 na inchi 3 za akiba, yaani mita 3.75 hivi, kwa ajili ya dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao. Milingoti inakatwa vipande vya mita 1 vya kuni. Soko la kuni lipo jirani, maana viwanda vya chai vya Mufindi hukausha majani kwa boila za kuni.

Zana ni mbili. Trekta dogo la magurudumu manne, nguvu farasi 25, uzito kilo 1,200, linalovuta kwa magurudumu ya nyuma pekee, litaburuta magogo hadi kwenye dipo, mahali pa kuyalundika kando ya barabara. Pawatila, yaani trekta la mkono la magurudumu mawili, ya farasi 12 yenye tela la tani 1 itabeba kuni.

Trekta kubwa la farasi 75 lingeweza kukodiwa mjini Mafinga, lakini haliingii kati ya mistari ya mita 3 bila kuchubua miti inayobaki. Mpaina uliochubuliwa chini huingiwa na ukungu, rangi ya bluu ikapanda ndani ya ule ubao wa kwanza wenye bei. Trekta dogo lina upana wa mita 1.3, linapita bila kugusa.

Juni, wiki ya kwanza. Hesabu kabla ya cheni

Swali linaloulizwa kwanza na kila mtu ni "farasi ngapi?" Kwa kazi hii ni swali la pili. Injini ya farasi 25 inaweza kuzungusha magurudumu mpaka yachimbe shimo, gogo likiwa palepale. Kinachoamua ni uzito ulioko juu ya magurudumu ya nyuma, mshiko wa udongo, na mteremko.

Magurudumu ya nyuma yanabeba asilimia 65 hivi ya uzito wa trekta, kilo 780, na pamoja na dereva ni kama kilo 850. Kwenye udongo mkavu ulioshikana, mvuto unaopatikana ni takribani nusu ya uzito huo: kilo 400 na kitu. Kwenye udongo mwekundu uliolowa unashuka hadi robo. Trekta ni lilelile, dizeli ni ileile, ila nguvu ya kuvuta imebaki nusu. Ndiyo maana kazi yote ya kuburuta imepangwa kipupwe na kiangazi.

Upande wa mzigo: gogo bichi la mpaina lenye kipenyo cha sentimita 25 na urefu wa mita 3.75 lina ujazo wa mita za ujazo 0.184, na kwa kilo 900 kwa mita ya ujazo linafika kilo 165. Likiburutwa lote chini, linahitaji mvuto wa kama asilimia 60 ya uzito wake, kilo 100. Likinyanyuliwa kichwa, karibu nusu ya uzito inahamia kwenye trekta, na kinachobaki kuburutwa kinahitaji kilo 50 tu. Faida inakuwa mara mbili, maana uzito uliohamia unaongeza mshiko wa tairi.

Mlima ndio unaokula kila kitu. Kwa mpando wa asilimia 20, unavuta moja ya tano ya uzito wote, trekta lenyewe likiwemo. Trekta na dereva na magogo matatu ni kama kilo 1,765. Mlima peke yake unadai kilo 353, hata kabla gogo halijasuguana na ardhi. Kwa hiyo dipo limewekwa bondeni na mzigo utashuka sehemu kubwa ya njia. Kikomo kilichowekwa: kupanda na mzigo hadi asilimia 10, kushuka hadi asilimia 25, na kupita kwa ubavu hadi asilimia 10 tu.

Mteremko unapimwa kwa ubao ulionyooka wa mita 2 na pima maji. Laza ubao usawa, ncha moja ikigusa ardhi upande wa juu, pima pengo la ncha ya chini. Pengo la sentimita 40 ni asilimia 20. Pima kila mita 20 ya njia. Macho hudanganya sana kwenye msitu.

Juni, wiki ya pili na ya tatu. Njia

Njia kuu ina upana wa mita 2.5 na inafuata mgongo wa kilima. Visiki vyote ndani ya njia vimekatwa usawa wa ardhi. Kisiki kinachoachwa kimesimama sentimita 15 kinagonga sampu (bakuli la oili chini ya injini) au kinanasa kichwa cha gogo, na kunasa ndiko kunakopindua matrekta (maelezo kwenye Julai). Nje ya njia visiki vimeachwa chini ya sentimita 10.

Matawi ya mipaina yanalazwa njiani, unene wa goti. Yanagawa uzito wa tairi ili udongo usishindiliwe, na yanazuia gogo kuokota mchanga. Mchanga uliojibana kwenye ganda ndio unaomaliza makali ya msumeno wa dingdong, na mwenye mashine hulipunguzia bei gogo chafu.

Miti inaangushwa kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45 na njia, mpangilio wa mifupa ya samaki, ncha itakayovutwa ikielekea njiani. Ukiangusha miti kwa kukatiza njia, kila gogo litahitaji kugeuzwa, na gogo linalogeuka linafagia ganda la miti miwili mitatu iliyosimama. Kwenye kona kali umeachwa mti mmoja wa kukatwa mwishoni kabisa, upande wa ndani, ambao ndio unaosuguliwa na magogo badala ya ile ya kudumu.

Juni, mwishoni. Bamba la kuburutia

Bamba limechomelewa na fundi wa gereji. Vipimo kwa anayetaka kutengeneza lake:

- Bamba la chuma la milimita 10, upana sentimita 70, kimo sentimita 45, limesimama wima nyuma ya trekta na kuzuia gogo lisifikie tairi wala mgongo wa dereva.
- Pini mbili za chini za milimita 22 kwa mikono ya kunyanyulia, na pini ya juu ya milimita 19. Hivi ndivyo vipimo vya kawaida vya trekta za ukubwa huu, lakini pima mikono yako kabla ya kukata chuma.
- Matundu manne ya kushikia cheni kwenye ukingo wa chini: duara la milimita 35, likiendelea chini kwa mkato mwembamba wa milimita 10. Pete ya cheni ya milimita 8 inapita kwenye duara, inateremshwa kwenye mkato, na pete inayofuata inajikwamisha yenyewe. Kufungua ni kuinua tu, hakuna ndoano wala kofuli.
- Fremu ya chuma cha mraba cha milimita 50, unene milimita 5, imechomelewa kwa fimbo za aina ya 7018 zilizokaushwa. Fimbo za 6013 zinazotumika kwenye mageti zinapita rahisi, ila kiungo kinachotikiswa na kuvutwa kutwa nzima hupasuka pembeni mwa mchomeleo.

Matundu yako chini kwa sababu. Cheni isishikwe kamwe juu ya usawa wa ekseli ya nyuma: si kwenye pini ya juu, si kwenye fremu ya kinga, si kwenye kiti. Tairi la nyuma hapa ni 11.2-24, ekseli iko kama sentimita 52 kutoka ardhini. Alama ya rangi nyekundu imepigwa kwenye mkono wa haidroliki: ukinyanyua hadi hapo, matundu yako sentimita 45 kutoka ardhini, na hakuna ruhusa ya kupita.

Uzito wa mbele umehesabiwa pia. Magogo matatu yakinyanyuliwa vichwa yanaweka kilo 250 hivi kwenye bamba, mita 1 nyuma ya ekseli. Umbali kati ya ekseli mbili ni mita 1.6, kwa hiyo mbele panapungua kilo 156. Trekta lilikuwa na kilo 420 mbele. Zinabaki 264, sawa na asilimia 22 ya uzito wake. Chini ya asilimia 20 usukani unaanza kuelea, unakata kona na trekta linaendelea kunyooka. Kikomo cha magogo matatu kimetoka kwenye hesabu hiyo. Kwa la nne zinahitajika ndoo mbili za lita 20 zilizojazwa zege, kila moja kilo 48, zikiwa na pete ya nondo ndani ya zege na kufungwa kwa bolti mbele ya rejeta, bila kuziba upepo.

Tairi za nyuma zimejazwa maji hadi asilimia 75: inua gurudumu, zungusha mpaka valvu iwe juu kabisa, ingiza maji hadi yatokee kwenye valvu, kisha jaza upepo. Kila tairi limemeza zaidi ya lita 100. Ni nyongeza ya mvuto wa kilo 100 kwenye udongo mkavu kwa gharama ya maji ya mto. Upepo wa nyuma ni psi 14 hadi 16. Mazoea ya kujaza 30 "ili lisipasuke" yanafanya tairi likanyage kwa mgongo wake wa kati tu.

Julai. Kuburuta

Utaratibu uliokaa sawa ni huu. Kabla ya kufunga, kichwa cha gogo kinachongwa kwa shoka kuzunguka ukingo, kama sentimita 5, ili kisichimbe. Ni dakika moja ya kazi, na gogo lisilochongwa hujikita kwenye kila mzizi. Cheni inapitishwa sentimita 40 kutoka kwenye ncha, inajifunga kwa kitanzi, na ndoano ya kitanzi inakaa upande wa chini ili kuvuta kukianza gogo lijinyanyue. Urefu wa cheni unafupishwa hadi pengo kati ya gogo na bamba libaki kama sentimita 30. Cheni ndefu inaruhusu gogo kuyumba na kupiga tairi wakati wa kushuka.

Bamba liko chini wakati wa kuanza. Gia ya kwanza ya chini, klachi inaachiwa polepole, cheni inakazwa, ndipo linanyanyuliwa kidogo: kichwa kipite ardhi kwa sentimita 20, inatosha. Msaidizi anasimama pembeni mbele ya trekta, mahali dereva anapomwona, umbali usiopungua urefu wa magogo mawili. Haruki cheni iliyokazwa. Hakai kwenye bamba.

Gogo likinasa: klachi chini mara moja, shusha bamba, rudi nyuma kidogo, ondoa kinachozuia au badilisha pembe. Dereva anayeongeza mafuta hapo anaomba ajali. Magurudumu yakikosa pa kwenda, nguvu ya injini inazungusha mwili wa trekta kuzunguka ekseli, mbele inapanda, na kupinduka chali kunakamilika chini ya sekunde 2, kabla mguu haujafika kwenye klachi. Kinga ya kweli ni cheni kushikwa chini, fremu ya kinga na mkanda wa kiti. Trekta lisilo na fremu lisiingie msituni.

Ncha ipi itangulie? Kwa mipaina minene, shina likitangulia uzito mwingi unakuja kwenye trekta: mshiko mzuri, mbele nyepesi. Kwa trekta la ukubwa huu, gogo linalozidi sentimita 32 linavutwa kwa ncha nyembamba, moja moja.

Kwenye kushuka, gia ichaguliwe juu ya kilima, isibadilishwe katikati. Mkia wa gogo unaoburuza ni breki nzuri, na penye mteremko mkali bamba linashushwa zaidi ili gogo lisuguane. Tahadhari kwa milingoti: isimenywe ganda kabla ya kuburutwa. Mlingoti uliotoka kumenywa una utelezi wa sabuni, kwenye asilimia 25 unaweza kumfuata dereva.

Dizeli inakwenda lita 2.5 hadi 4 kwa saa. Inayopotea zaidi ni ya kungoja injini ikiwa inanguruma huku watu wakifunga magogo. Dawa ni seti mbili za vitanzi: seti moja inafungwa msituni trekta likiwa njiani kwenda dipo na nyingine.

Julai, mwishoni. Cheni na shekeli

Cheni ni ya milimita 8, daraja la 80, inayoruhusiwa tani 2 kwa mvuto ulionyooka. Ikifungwa kitanzi hesabu asilimia 80 tu ya hapo. Shekeli, yaani pingu za chuma za kuunganishia cheni, ni za milimita 13, nazo za tani 2, pini yake ikifungwa waya isijifungue kwa mtikisiko.

Dukani kuna cheni za kufungia ng'ombe zenye unene uleule na bei ndogo. Hazina namba ya daraja kwenye pete, zinarefuka kimyakimya, kisha zinakatika kwa ghafla. Pima pete 10 zikiwa mpya, andika namba mlangoni mwa stoo. Zikirefuka zaidi ya asilimia 3, cheni hiyo imemaliza kazi. Pete iliyokatika ya daraja la 80 haichomelewi: moto unaua ugumu wake, na itakatika tena hapohapo. Nunua kiungo cha kuunganishia chenye daraja lilelile. Kamba ya nailoni isitumike kabisa kuvutia, kwa kuwa inarefuka na kuhifadhi nguvu, na shekeli iliyo mwishoni mwake inaruka kama risasi.

Agosti. Kuni na pawatila

Mlingoti unapasuliwa ukiwa mbichi. Ukikauka, nyuzi zinashikana na kabari inaruka. Vipande vinavyozidi sentimita 15 vinapasuliwa mara mbili au nne. Vyenye fundo au nyuzi zilizosokotana vinawekwa kando kwa mnunuzi anayechoma matofali, maana tanuri halichagui umbo.

Kupasua ni kubichi, kubeba ni kukavu. Kilo 1,000 za mlingoti mbichi wenye maji asilimia 50 zina maji kilo 500. Zikikauka hadi asilimia 20 zinabaki kilo 625. Ukibeba mbichi umechoma dizeli kusafirisha kilo 375 za maji, na mnunuzi atachoma kuni nyingine kuyageuza mvuke. Kilo moja ya kuni mbichi humpa joto linalozidi kidogo nusu ya lile la kilo kavu. Kwa hiyo kuni zinapangwa hukohuko: juu ya miti miwili iliyolazwa ili zisiguse ardhi, mstari mmoja mmoja, upande mpana ukipokea upepo, maganda yametolewa kwenye vile ambavyo havikupasuliwa. Kipupwe cha Mufindi kina ukungu na manyunyu, hivyo juu panafunikwa kwa mabanzi, pembeni pakiwa wazi. Turubai linaloshuka hadi chini linafuga kuvu.

Sanduku la tela lina urefu wa mita 1.8 na kuni za mita 1 zinalazwa kwa kukatiza. Mita ya ujazo ya lundo ina mti halisi wa kama asilimia 65. Mbichi ni kilo 680, kavu ni 425. Kwenye nguzo za tela zimepigwa alama mbili: nyekundu kwa sentimita 80, kikomo cha kuni mbichi (kilo 980), na nyeupe kwa sentimita 120, kikomo cha kuni kavu (kilo 918). Mpakiaji haulizi mtu, anaangalia rangi. Mzigo uanze mbele, ili kama asilimia 10 ya uzito ikae kwenye kiungo cha pawatila. Ukilemea nyuma, tela linainua kiungo na magurudumu ya pawatila yanakosa mshiko.

Sasa usukani, jambo ambalo kila dereva mpya afundishwe bila mzigo kwanza. Pawatila ina vibano viwili chini ya mikono. Kila kimoja kinakata nguvu ya gurudumu la upande wake. Tambarare, ukibana cha kushoto inakwenda kushoto. Kwenye kushuka na mzigo, mambo yanageuka: tela linasukuma, injini inazuia magurudumu, na lile uliloliachia ndilo linalokimbia huru wakati la pili limezuiwa. Ukibana kushoto, inakwenda kulia, tena kwa nguvu. Wengi wanaoishia korongoni walibana upande waliotaka kwenda. Sheria: kwenye kushuka usiguse vibano, elekeza kwa mikono pekee, gia ya chini ichaguliwe juu, klachi kuu isikatwe, breki ya mguu ya tela ikanyagwe kwa kugusagusa. Kabari mbili za mti ziko daima chini ya kiti.

Kuni zinazotoka shambani zinahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Iandaliwe kabla ya kupakia.

Septemba. Matengenezo

Vumbi na sindano za mpaina ndivyo maadui. Rejeta ya trekta inazibwa na sindano ndani ya saa chache. Pameongezwa wavu wa mbu mbele yake unaotolewa na kukung'utwa kila mchana. Chujio la hewa la pawatila, lile la oili, linaoshwa kila jioni. Oili ikiwa nzito kama uji, injini inavuta vumbi.

Injini ya pawatila inapozwa kwa maji yanayochemka, na kuna kiboya chekundu juu ya tangi lake. Kiboya kikishuka, ongeza maji taratibu injini ikiwa inanguruma polepole; maji baridi ya ghafla kwenye injini kavu ya moto yanapasua kichwa.

Mikanda: ukibonyeza katikati kwa dole gumba ishuke milimita 20 hadi 30. Ikilegea inateleza kwenye mpando, inanuka mpira ulioungua, na dereva anadhani injini imechoka. Badilisha yote kwa pamoja, kwa sababu mkanda mpya kati ya mizee unabeba mzigo peke yake. Valvu za tairi zimezungushiwa kipande cha bomba kilichochomelewa kwenye ringi, baada ya matawi kuzing'oa.

Ni msimu wa moto pia. Ekzosi zote zina kizuia cheche, majani makavu yanatolewa juu ya injini kila trekta linaposimama, na bomba la kunyunyizia la lita 16 lililojaa maji linakaa dipo pamoja na majembe. Siku ya upepo mkali kazi ya msitu inasimama saa 5 asubuhi.

Oktoba. Kufunga njia

Magogo yamekwisha kushuka, kuni za mwisho zinaendelea kukauka. Njia zinafungwa kabla ya mvua za Novemba, maana alama mbili za tairi kwenye mteremko ni mifereji miwili iliyo tayari. Matuta ya kukinga maji yanachimbwa kwa jembe, kimo sentimita 30, yakilazwa kwa pembe ya nyuzi 30 na kumwaga kwenye nyasi, si kwenye njia nyingine. Kwenye mteremko wa asilimia 10 tuta kila mita 25 hivi, asilimia 20 kila mita 14. Matawi yaliyopondwa yanabaki palepale.

Yanayobaki: kununua seti moja zaidi ya vitanzi vya milimita 8, kubadili bushi za mikono ya haidroliki ambazo zimelegea, na kuongeza sentimita 10 za kimo kwenye bamba upande wa kulia, kwa sababu gogo lililopinda linapanda pale na kugusa bati la tairi. Fundi ameshachukua vipimo.